Betri ya Mwananyamala Yaenda Njombe

Mwishehe wa Mwananyamala, fundi betri mwaka wa ishirini na mbili huu, ana ugonjwa mmoja: akiijua betri imechoka, hawezi kunyamaza. Wenzake huiongeza maji, wakaichaji, mteja akaondoka anacheka. Yeye husema. Ndiyo maana kibandani kwake hapana foleni, na ndiyo maana Mwalimu Apolonia, mwalimu mstaafu wa mtaa wa pili, hapeleki gari kwingine.

Julai iliyopita Mwalimu alifika asubuhi, gari la marehemu mumewe limeng'arishwa kama la arusi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kesho tunakwenda Njombe, tunamposea mwanangu Benson. Nitazamie maji ya betri tu, nina haraka."

Mwishehe akafungua boneti. Akaisugua ile kutu nyeupe ya vichwani kwa maji ya moto na magadi, kisha akachovya kipimo chake cha kioo tundu baada ya tundu. Kwenye matundu mawili boya likazama: asidi imeisha nguvu.

"Mwalimu, hii Njombe haitaamka."

"Mbona imeamka leo, jana na juzi?"

"Hapa joto linaibeba. Na joto hilohilo ndilo lililoila. Kule alfajiri baridi itaidai nguvu, nayo haina."

Mwalimu akaonyesha ubavuni mwa betri, palipoandikwa kwa rangi nyeupe *R.K.* na tarehe. "Marehemu Revelian aliandika mwenyewe, wiki mbili kabla hajafariki. Gari lake halijasukumwa hata siku moja, Mwishehe. Watu wa mtaa huu wanajua."

Moyo wa Mwishehe ukakataa. Akilini aliwaona wazee waliovaa suti wakilisukuma gari uani kwa wakwe, na mama huyu amesimama pembeni akitazama chini. Aliyejua akanyamaza angekuwa yeye.

"Niachie hadi alasiri. Nikikosea, sitalisema tena."

Akaifungua betri, akaifunga ndani ya mifuko miwili ya plastiki, akaibeba hadi kwa jirani yake Mwamvita, muuza samaki, kuomba nafasi kwenye kasha la barafu.

"Makubwa!" Mwamvita akashika kiuno. "Hii tunaipaa magamba, au inakaangwa hivyohivyo?"

"Iache ilale hadi saa tisa, dada. Naipeleka Njombe."

"Njombe gani inayonuka vibua!"

Saa tisa Mwalimu akarudi. Mwishehe alikuwa ameliingiza gari nyuma ya kibanda na kushusha turubai. Akaifunga betri ingali baridi, akampa ufunguo. Gari likaguna. Likaguna tena, kwa uzito, kama mzee anayeinuka mkekani. Mara ya tatu likatoa ka-ka-ka, likanyamaza.

Mwalimu akauachia ufunguo, akachungulia nje ya dirisha.

"Nani mwingine ameona?"

"Mimi na vibua."

Akacheka, ingawa hakutaka. "Haya. Weka mpya."

Mwishehe akamchagulia iliyotoka kiwandani karibuni, akaibana isitikisike njiani, akavipaka vichwa grisi. Alipotaka kushusha boneti, Mwalimu akamzuia, akaomba rangi na brashi. Kwa mwandiko ule wa ubaoni akaandika *R.K.* na tarehe ya siku ile.

"Gari bado ni lake," akasema.

Jumapili, jua halijachomoza vizuri, simu ya Mwishehe ikalia.

"Huku majani yamekuwa meupe kwa baridi," Mwalimu alisema kwa sauti ya chini.

"Limewaka, Mwalimu?"

"Mara moja tu. La mkwe ndilo limegoma, baba yake Blessing, mchumba wa Benson. Wazee wao wanavua makoti walisukume, nimewazuia. Nimesogeza letu, nyaya za kuunganishia betri ninazo. Nyekundu nimefunga chanya kwa chanya. Nyeusi je?"

"Anzia hasi ya betri yako. Mwisho kwenye chuma cha injini yao, mbali na betri. Liache la kwako liungurume dakika tano, ndipo wawashe."

Mwishehe akasubiri, simu sikioni, chai ikipoa. Mwishowe akasikia injini ya pili ikinguruma, na watu wakipiga makofi.

"Mwishehe."

"Naam, Mwalimu."

"Posa imekubaliwa tangu jana. Hawa sasa ni watu wetu. Sitaki kusikia huko mtaani kwamba gari la wakwe zangu liligoma."

"Gari gani, Mwalimu?" akasema Mwishehe, akavuta kikombe chake.