Katsuva Anasoma Kwanza kwa Jina Lako

Sogeeni karibu kidogo, maana mtu huyu hapendi kusifiwa kwa kelele, ingawa kazi yake ni kelele.

Hapa kwetu Nyakasanza, mjini Bunia, hakuna asiyemjua Papa Katsuva. Ni mfupi, shati lake daima limefungwa mpaka kooni. Alifika kutoka Butembo zaidi ya miaka ishirini iliyopita na mzigo wa viatu. Viatu havikumtajirisha, akaviacha, akanunua megafoni. Tangu hapo ndiye mtangazaji wetu. Megafoni ameifunga mbele ya pikipiki kwa mpira wa tairi, na kila asubuhi anatafuna tangawizi mbichi kwa ajili ya koo. Mtu amefariki, mbuzi amepotea, chanjo ya watoto imefika, saa ya ibada imebadilika: unampelekea komunike, yaani tangazo lako, anaiandika kwenye daftari, anapanda pikipiki. Nusu saa haijaisha, mitaa mitatu imekwisha kujua.

Hebu lifikirieni hilo. Koo moja, mitaa mitatu. Mimi nilimsikia miaka yote hiyo na sikuwahi kuogopa.

Yeye alikuwa ameanza kuogopa zamani. Miaka tisa iliyopita mtu mmoja alimletea habari kwamba maziwa ya Léon, muuza maziwa wa kando ya barabara ya Nizi, yana sumu, maana watoto wanne walikuwa wametapika. Katsuva alidhani anaokoa watoto. Akatangaza asubuhi. Mchana bidoni za maziwa za Léon zilikuwa zimemwagwa barabarani, kibanda kimevunjwa, naye ametoroka na jicho limevimba. Siku ya tatu ikajulikana: ni maji ya kisima yaliyokuwa mabaya, wala si maziwa. Katsuva akarudi barabarani na megafoni ile ile kusafisha jina la mwenzake. Watu wakamcheka. "Wamekununua!" Basi akafunga safari mpaka Nizi, Léon alikokuwa amehamia, akapiga magoti mbele yake uani.

Léon akamjibu, "Ndugu, nimekusamehe. Lakini sauti yako ingali inazunguka kule Bunia. Siwezi kurudi fasi ile, pale inapokaa."

Kutoka siku ile Katsuva ana desturi moja. Wengi wetu hatukuijua, kwa sababu wengi wetu tunampelekea habari za mbuzi na vilio tu. Mimi niliijua Jumamosi moja ya mwezi wa nane, mwaka jana, na nitawaambia jinsi ilivyokuwa.

Jirani yangu Musoki, muuza makala, yaani mkaa, alikuwa ametoka alfajiri kwenda sokoni, akimwacha binti yake Chancelle, wa miaka minne, amelala. Aliporudi saa nne, kitanda kilikuwa kitupu. Akaja kwangu mbio. Na hapa sitajificha: mimi ndiye niliyemjibu. Nilimwambia, "Nimemuona Geneviève anakimbia naye kwa mugongo. Nimemusalimia, hata hajajibu. Kama mwizi kabisa!"

Geneviève ni mama aliyekimbia vita upande wa Bambu. Anapanga chumba kidogo nyuma ya nyumba ya Musoki, hana mume, hana mtoto. Nyinyi wenyewe mnajua mdomo wa mtaa unavyofanya na mwanamke wa namna hiyo.

Tulipofika kwa Katsuva, nyuma yetu walikuwa watu kama thelathini.

"Papa Katsuva, andika! Andika mbio!"

"Nimeshika bic, Mama Chancelle. Sema."

"Geneviève mukimbizi ameiba mutoto yangu. Kila mwenye kumuona amukamate. Basi! Washa ile kitu!"

"Hazai, ndiyo sababu!" mmoja akapaza sauti. Vijana wawili walikuwa wameshaokota mawe. Hakuna aliyewauliza ni ya nini. Sote tulijua kwamba jina hilo likitoka kwenye megafoni, Geneviève hataiona jioni.

Katsuva akaandika taratibu. Akaiweka megafoni chini, imezimwa, akasimama na daftari kama mtu anayesoma somo kanisani.

"Komunike," akasema kwa sauti ndogo. "Musoki, muuza makala wa Nyakasanza, ameiba mutoto. Kila mwenye kumuona amukamate."

Kicheko kikatoka nyuma, kikafa chenyewe.

"Weye Katsuva! Unaniwekea jina yangu?"

"Neno ya kushitaki mutu, mie ninaisoma kwanza na jina ya mwenye kuileta. Umeisikia? Iko nzuri? Tuiache vile?"

Musoki alirudi nyuma hatua moja, akawatazama wale vijana wenye mawe. Nikaona mkono wake umeshika shingo yake mwenyewe.

Katsuva akanigeukia. "Mama Kahindo, ni weye uliona. Uliona mutoto?"

"Niliona... kitu kwa mugongo. Imefunikwa na kitenge mpaka kichwa."

"Alikuwa anakimbia?"

"Alikuwa anatembea mbio."

"Na wizi, uliiona fasi gani?"

Niliutafuta ule wizi, ndugu zangu. Niliutafuta kichwani kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni, na mfuko ulikuwa mtupu. Wizi nilikuwa nimeutia mimi, ili habari yangu iwe tamu.

"Hakujibu salamu," nikasema.

"Basi niandike ile? 'Mama mumoja hajajibu salamu, mumukamate'?"

"Unapoteza wakati!" Musoki akalia. "Mutoto yangu anaenda!"

"Mutoto tunamutangaza sasa hivi. Mutu, hapana. Mama, hata Bwana, walipomuletea yule mwanamuke na mawe mikononi, aliinama kwanza, akaandika chini na kidole. Yeye aliyejua yote alichukua wakati. Mie Katsuva ni nani? Panda."

Musoki akapanda nyuma yake, akamtajia gauni la kijani alilolala nalo mtoto. Mimi nikachukua pikipiki ya taxi, nikawafuata. Ile sauti ikapasuka juu ya mabati ya mtaa: "Mutoto Chancelle, miaka ine, robe ya kijani! Mwenye kumuona aseme fasi iko! Musiguse mutu! Narudia, musiguse mutu!"

Tulikuwa tumepita daraja la Nyamukau, mbele ya kituo kidogo cha afya, alipotoka mbio muuguzi mmoja kijana, Ornella, akipunga mikono miwili.

"Robe ya kijani? Iko hapa! Iko hapa toka saa moja ya asubuhi!"

Ndani, kwenye benchi, Geneviève alikuwa amekaa na Chancelle kifuani. Serum ilikuwa inateremka tone kwa tone kwenye mkono mdogo. Mtoto alikuwa anapumua. Geneviève alipomwona Musoki alishtuka, akaanza kuomba msamaha.

"Mama Chancelle, usinikasirikie. Nilisikia analia vibaya, nikaingia, nikakuta degedege imemukamata. Sina telefone. Nilimubeba tu."

"Malaria ilipanda kwa kichwa," Ornella akasema. "Angechelewa nusu saa, tungekuwa tunasema mambo ingine."

"Lakini nilikusalimia," nikamwambia. Sauti yangu ilikuwa ndogo sana.

"Nilikusikia, Mama Kahindo. Nyanya yangu alinifunza: ukibeba mutoto wa degedege, unamufunika kichwa, na hufungui mudomo mpaka umufikishe. Hata mutu akuite mara kumi."

Njia nzima kutoka Nyakasanza, mama yule alikuwa amebana midomo kwa ajili ya uhai wa mtoto asiye wake. Nami nilipishana naye njiani, na mdomo wangu ukaenda kumtafutia kifo. Nikahisi kwamba Mungu alikuwa amepita karibu yetu asubuhi ile, karibu sana, na sikumjibu salamu.

Musoki akanyoosha mkono kwa Katsuva. "Nipe karatasi yangu."

Katsuva akachana ukurasa, akampa. Musoki akamsomea Geneviève neno kwa neno, jina la Geneviève likiwa mahali pake: ameiba, amukamate.

Geneviève aliuliza, "Papa Katsuva amesoma hii kwa barabara?"

"Hapana. Amesoma na jina yangu."

Geneviève aliinamisha uso juu ya nywele za mtoto. Nilidhani analia. Alipoinua uso alikuwa na machozi kweli, lakini mdomo ulikuwa unacheka.

"Basi leo mwizi ni weye," akasema. "Kuya hapa, mwizi, kamata mutoto yako. Mikono yangu imechoka."

Musoki akapiga magoti pale pale sakafuni kumpokea Chancelle, na hakusimama upesi.

Mimi niligeuka kumtafuta Katsuva. Alikuwa mlangoni, megafoni imebanwa kifuani kwa mikono miwili kama mtoto. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Mtu yule ambaye mitaa mitatu inamsikia alikuwa analia, na mimi niliyekuwa hatua mbili tu kutoka kwake sikusikia hata pumzi.