Seli za Uhuru za Profesa Kalenga

Mwaka 1960 walimu Wabelgiji wa sekondari moja ya Albertville, mji wa Kongo unaoitwa leo Kalemie, walipanda meli ya Kigoma bila kuaga. Shule ikabaki na mikroskopu moja, na hakuna profesa, kama wanavyomwita huko mwalimu wa sekondari, wa biolojia. Hippolyte Kalenga, karani aliyepima mizigo stesheni, alikuwa na miaka minne ya sekondari na suti ya kijivu. Wakamteua.

Kalenga hakuwa mjinga, na hapo ndipo palikuwa na shida. Mjinga angeuliza.

Kitabu kilichobaki kilikuwa kimeliwa na mchwa, picha zikaenda, yakabaki maneno machache: kitunguu, seli, ukuta, kiini. Akachuna ngozi nyembamba ya kitunguu, akaitandaza kwenye kioo chenye tone la maji, akabandika juu yake kioo kingine chembamba kwa kishindo cha kidole gumba. Akageuza kijioo cha kuakisi kilicho chini ya mikroskopu kishike mwanga wa dirisha, akachungulia. Aliona maduara mazuri, yenye ukuta mweusi mnene, meupe katikati.

"Hii njo seli," aliwaambia wanafunzi.

Kwa miaka miwili vijana wakachora maduara. Mmoja aliuliza kwa nini yanatofautiana ukubwa. Kalenga akajibu kwamba yale madogo bado ni watoto. Siku nyingine alibonyeza kioo, maduara yakateleza, akatangaza kwamba wameona uhai kwa macho yao. Darasa zima likaandika: seli inatembea.

Mwaka 1962 mikroskopu ya hospitali iliharibika, na Mama Rosalie, aliyekuwa akipima damu za wagonjwa wa malaria kwa miaka kumi, akaja kuazima ya shule. Alikuta somo likiendelea. Akachungulia kidogo.

"Papa Profesa," alisema kwa sauti ya chini, "hapa munaonyesha watoto mapovu ya hewa."

Kalenga akatabasamu kama mtu aliyekanyagwa kanisani. Mama Rosalie hakungoja ruhusa. Alichuna ngozi nyingine, akatia tone la dawa ya vidonda, ile ya kahawia, akainamisha kioo chembamba kwenye ncha ya sindano na kukishusha polepole. Akampisha.

Kalenga alichungulia, akakawia. Vilikuwa vyumba virefu vilivyopangwa kama matofali, na ndani ya kila kimoja kulikuwa na doa la kahawia. Kiini. Alikuwa amelifundisha neno hilo miaka miwili bila kulionyesha. Vilikuwa vizuri mno, na alijua palepale kwamba ni kweli. Wanafunzi arobaini walikuwa wanamtazama mgongo.

"Mama Rosalie," alisema alipoinuka, "hiki kitunguu kina ugonjwa."

Mama Rosalie akachukua mikroskopu, akaenda zake kwa wagonjwa wake.

Lakini msichana mmoja, Séraphine, alikuwa amechungulia pia kabla mikroskopu haijaondoka. Kwenye mtihani alichora matofali, kila moja na doa lake. Akapata tatu juu ya ishirini, akaambiwa arudie mwaka.

"Papa Profesa, nilichora kile niliona," alimwambia.

"Najua. Mutihani haiulize umeona nini."

Mikroskopu ilirudishwa, na likizo yote Kalenga alijifungia nayo darasani, pamoja na kitunguu na sindano. Vioo vilivunjika, vidole vikatoboka, mpaka mkono ukajifunza upole. Muhula ulipofunguliwa alisimama mbele ya wanafunzi, na siku hiyo alikuwa amemwalika bwana mmoja wa biro, yaani ofisi, ya elimu ya jimbo.

"Seli ya duara," alisema, "ilikuwa ya wakoloni. Walituficha ile ya kweli. Leo, katika nchi huru, tutaiona."

Bwana wa biro alichungulia, akaona matofali, akapiga makofi mpaka miwani ikamteleza. Kabla ya mwaka kwisha, Kalenga alifanywa mkaguzi wa biolojia, akawa anakwenda shule za Kabalo na Kiambi kuwakaripia walimu wanaobandika vioo kwa kishindo.

Siku Kalenga alipoiaga shule, Séraphine alimngoja mlangoni na daftari lake la mtihani wa mwaka uliopita.

"Sasa zile pointi zangu, Papa Mukaguzi?"

Kalenga alilitazama daftari. Mchoro ulikuwa safi kuliko wowote aliowahi kuchora yeye.

"Mwanangu," alisema, "matokeo yako yalishaenda biro." Akapanda gari.