Ngege Baridi wa Kwenda Tarime

Bathsheba Nyatichi alizaliwa kwenye migomba, si kwenye maji. Kwao ni milimani huko Kisii, na alipofika Suna, pale Migori, miaka kumi na minne iliyopita, alikuja na mikungu saba ya ndizi na mtoto mgongoni. Sokoni akapewa nafasi katikati ya akina mama wauza samaki. Ndizi zake ziliiva kwa starehe zao, lakini samaki wa wenzake walikuwa wamelegea kabla ya saa nane mchana. Siku moja akauliza, "Sasa mbona hamwalazi kwenye barafu?"

Walicheka mpaka wakafutana machozi. "Nyar Kisii," wakamwambia, maana yake binti wa Kisii, "samaki ya barafu ni samaki ya juzi. Nani atanunua hiyo?"

Hakubishana. Alitafuta friza kuukuu ambayo mashine yake ilikwisha kufa, akaijaza barafu, akalaza samaki kumi na wawili. Kesho yake samaki wale walikuwa na macho maangavu, mwili mgumu, kama wametoka ziwani asubuhi hiyo. Basi ndizi zikaachwa. Leo hii ananunua ngege, ambao Watanzania huwaita sato, wanaofugwa vizimbani ziwani kule Homa Bay, anawapeleka Rongo, Kisii, hadi Kericho, na wale wale waliomcheka humpigia simu kuuliza barafu inapatikana wapi.

Ana namna yake ya kupanga. Barafu huipondaponda kwa mchi wa kutwangia mahindi. Tabaka la barafu, tabaka la ngege, barafu tena, kila samaki tumbo chini ili maji yasituame ndani. Akimaliza huingiza mkono na kuhesabu hadi kumi na mbili. Vidole visipouma, anaongeza.

Mwaka huu alipata mteja wa ng'ambo ya mpaka. Lynnet, mama wa Kijaluo mwenye hoteli kubwa ya chakula pale Tarime, upande wa Tanzania, alimpigia simu na kumwambia bila kuzunguka: "Dada, nitajaribu mzigo mmoja tu. Ukinifikia baridi, kila Alhamisi ni wewe. Ukinifikia vuguvugu, basi tutakuwa tunasalimiana tu."

Bathsheba alikuwa ameitamani njia hiyo ya Tarime kwa miaka mitatu. Alipanga makasha manne kwa mkono wake mwenyewe, alfajiri, pale ufukoni Homa Bay. Kisha akatangulia Isebania, mpakani, kushughulikia karatasi, na mzigo akamwachia dereva mpya, Cephas Odhiambo.

Cephas ni mtu wa Muhuru Bay, mtoto wa mvuvi na mjukuu wa mvuvi, mwanamume wa miaka arobaini na tano mwenye adabu nyingi. Alifika Isebania saa nane na nusu akitabasamu, pikapu inang'aa. Bathsheba akafunua kasha la kwanza. Akaona majani ya mgomba, mabichi, yamekunjwa vizuri. Akayainua. Chini yake ngege wamelala safu, wameoshwa, wanametameta. Barafu hakuna hata chembe.

"Cephas. Barafu yangu iko wapi?"

"Niliimwaga pale Uriri, Mama. Kuna bomba pale kando ya barabara, nikawaosha vizuri."

"Ulimwaga?"

"Yawa, Mama, huwezi kupelekea mtu samaki amefunikwa na barafu! Kwetu hata mgeni wa shemeji akiona hivyo anajua unamdharau, umemletea mabaki. Nikasema huyu mama ni mtu mzuri, siwezi kuacha aaibike Tanzania. Nikaweka na majani ya ndizi, ya kwenu."

Bathsheba aliyarudisha majani juu ya ngege. Angemgombeza vipi mtu aliyemharibia kazi kwa heshima? Akakaa juu ya tairi la akiba. Tarime ilikuwa inamponyoka hivi hivi, akiona.

Afisa wa samaki, Bwana Omanga, akaja na kipimajoto chake, akakichoma kwenye mnofu wa ngege mmoja, akangoja. "Nyuzi tisa," akasema. "Karatasi yako inasema isizidi nne. Nikiandika nne nikiwa naona tisa, mama, nitakuwa naandika nini?"

"Hata mimi sitaki uandike uongo, Bwana Omanga. Wameharibika?"

Akafunua mashavu, akanusa. "Hapana. Bado wazuri kabisa. Ni saa moja hivi tu wamekosa baridi. Ukiwashusha, nitapima tena. Lakini saa kumi na nusu naondoka."

Barafu Isebania! Muuza nyama alikuwa na friji tupu. Duka la soda halikuwa na umeme tangu jana. Kila aliyeulizwa alionyesha kidole upande mmoja: baa ya Gichana. Gichana hakosi barafu, walisema. Anaigandisha kwa ndoo, akiogopa umeme kupotea.

Sasa Bathsheba ni shemasi wa kanisa la Sabato Suna. Hajawahi kukanyaga baa, wala kupita karibu na mlango wake bila kugeuza uso. Na mbaya zaidi, Gichana alimjua. Walikua pamoja, waliimba kwaya moja ya watoto kule nyumbani.

"Niende mimi, Mama," Cephas akasema kwa unyonge.

"Wewe na barafu hamwelewani. Beba hizo ndoo unifuate."

Aliingia kwa mlango wa mbele, kitambaa kichwani, mkoba kwapani. Muziki ulikuwa juu, kisha ukashushwa. Watu saba hivi waliweka chupa zao chini polepole, kama wanafunzi walioona mwalimu.

"Nyatichi!" Gichana akapaza sauti kutoka kaunta. "Leo dunia imegeuka! Nikupe gani, ya moto au ya baridi?"

"Ya baridi kabisa. Ndoo sita."

Baa nzima ikapasuka kwa kicheko. Alipoeleza shida yake, Gichana aliacha kucheka, akafungua friza zake mbili.

"Na bia yetu je?" mlevi mmoja akalalamika. "Tukunywe moto kwa sababu ya samaki?"

"Kunywa moto, Mosoti," Gichana akamjibu, "upate nafasi ya kufikiria dhambi zako. Halafu simama, shika ndoo."

Wakasimama wote. Walijipanga kutoka kaunta hadi kwenye pikapu, ndoo zikipita mkono kwa mkono, Mosoti akiponda mabonge kwa mguu wa stuli. Bathsheba alipanga upya makasha manne, tabaka kwa tabaka, tumbo chini, mikono imekuwa myekundu. Aliuliza bei. Gichana akakataa. "Niachie ngege wawili. Na usiniombee leo, niombee Jumamosi, mkiwa wengi."

Saa kumi na robo Bwana Omanga akarudi. Akakichoma kipimajoto katika kasha la kwanza, la pili, yote manne. Cephas alikuwa amevua kofia kama aliyeko matangani.

"Tatu na nusu," Omanga akasema, akaandika. "Haya, pita."

Tarime walifika kabla jua halijazama. Lynnet, mama mnene mwenye aproni ya kitenge, hakusalimia kwanza. Alizamisha mkono kasha la chini kabisa, akausikilizia, akautoa na bonge la barafu. Ndani ya bonge kulikuwa na kizibo cha bia.

Akakitazama. Akamtazama Bathsheba na kitambaa chake. "Dada, hawa sato wamepitia wapi?"

Bathsheba angeweza kusema lolote. Alisema yote, kuanzia bomba la Uriri hadi mguu wa stuli. Lynnet alicheka akashika nguzo, akaita wapishi waje wasikie, ikabidi ielezwe upya, na mara hii Cephas mwenyewe akaongezea sehemu ya majani ya mgomba.

"Mtu aliyeingia baa mchana kweupe kwa ajili ya samaki wangu," Lynnet akasema akipangusa macho, "nitamtafutia mwingine wa nini? Alhamisi ijayo nataka makasha sita."

"Na dereva?" Cephas akauliza kwa sauti ndogo.

"Dereva abaki," Lynnet akasema. "Lakini hayo makasha afungiwe kwa kufuli, na ufunguo ukae na dada."

"Ni sawa," Cephas akasema, akaanza kushusha mzigo.