Msiba wa Mzee Naftali Akiwa Hai

Jumatatu moja nilifika kazini nikakuta msiba.

Mkeka umetandikwa mlangoni pa karakana. Wapishi wa kantini wamejifunga vitenge kiunoni, wanalia kwa sauti zote. Na marehemu mwenyewe kasimama pembeni na kikombe cha chai ya maziwa, anauliza, "Jamani, nani kafa?"

"Wewe!" wakamjibu kwa pamoja.

Ngojeni niwaeleze vizuri, maana hata mimi nilitaka kutoka mbio.

Naitwa Jesca. Niko chuo kikuu kimoja hapa Singida, sikitaji jina kwa sababu ugali bado nautaka. Kazi yangu ni usalama kazini. Nizuie ajali, na ikitokea au ikikosakosa kutokea, mtu aniambie mapema ili isirudi.

Sasa akuambie nani? Watu wetu hawa?

Ukiripoti unaitwa mnoko. Unaambiwa umemchoma mwenzako. Nilitundika sanduku la taarifa nje ya ofisi yangu, la bluu, zuri, na kufuli lake. Kila nikilifungua nakuta maganda ya pipi. Siku moja nikakuta karatasi, moyo ukanipasuka kwa furaha. Nikaikunjua, nikasoma: "Madam, waifai imekata."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikaumia, kwa sababu hatari nilikuwa naiona kwa macho yangu.

Hatari yenyewe ilikuwa kwa Mzee Naftali.

Mzee Naftali ni Mnyiramba wa kule Nduguti, fundi wa mashine ya kukamua alizeti ambayo wanafunzi wa kilimo wanajifunzia. Ile mashine ina mkanda mrefu unaozunguka kwa kasi, na kuna bati la kuufunika usimnase mtu. Mzee alilitoa. Eti linamchelewesha, maana anapenda kuugusa mkanda ukiwa unazunguka, asikie kama umelegea.

Kwa mkono! Na ovaroli la mikono mirefu!

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

"Mzee, lile bati..."

"Mwanangu, mashine hii nimeanza kuilisha wewe ukiwa unanyonya."

Basi. Hapo unaendeleaje? Mtu umri wa baba yako, umeshamwamkia, utamfokea kwa mdomo upi? Nikimpeleka kwa wakubwa wangemhamisha, na kuanzia hapo hakuna ambaye angeniambia kitu hata kidole kikimkatika. Nilikuwa naogopa, nisiwafiche. Naogopa kwamba siku moja nitaitwa karakana kuokota mkono wa mzee wa watu.

Nikamwaga yote kwa Redempta, mpishi mkuu wa kantini, Msukuma wa Shinyanga. Mama mmoja hivi akiongea sufuria zinanyamaza.

"Wewe humuwezi," akaniambia. "Utaishia kwenye shikamoo. Mimi ni mtani wake. Niachie."

Nikamwachia. Sikujua nimeachia nini.

Mnaujua utani wa Msukuma na Mnyiramba. Kwenye msiba mtani anavaa nguo za marehemu, anamwigiza, anasema yote, na hakuna wa kununa. Tofauti ni kwamba huyu wetu alikuwa bado anakunywa chai.

Mara Redempta akatokea. Kavaa ovaroli la Mzee, lile la zamani ambalo mkono wa kulia umeshonwa kwa uzi mwekundu. Kofia yake. Mwendo wake wa kuinama. Akaisogelea mashine, imezimwa, akanyoosha mkono kwenye mkanda.

"Ngoja nisikie kama umelegea... mamaaa!"

Akajitupa chini puu! Wapishi wakapiga yowe. Wanafunzi wamejaa, simu juu. Mzee anacheka mpaka chai inamwagika kwenye viatu.

Redempta akainuka, akasafisha koo, akaanza kusoma wasifu hewani.

"Marehemu alizaliwa Nduguti. Alipenda mlenda na ubishi. Ameacha mke, watoto, na mashine moja isiyo na bati."

"Msukuma wewe, nitakulipiza!"

"Nyamaza! Maiti gani inabisha?"

Hapo ndipo tukasikia kilio kingine kutoka getini. Hiki hakikuwa cha mchezo.

Ni Mama Zefania, mke wa Mzee. Ndala moja mguuni, nyingine mkononi, kitenge kinaburuzika. Kicheko kikakatika. Akapita katikati yetu, akaanguka kwenye mkeka.

"Naftali wangu! Nani atanigombeza chumvi ikizidi? Nani atakohoa mlangoni nijue amerudi?"

Mzee akawa mweupe midomo. "Mama Zefania! Niko hapa! Niko hapa mimi!"

Mama akageuka. Hakumkumbatia. Aliukamata mkono wake wa kulia, akaupapasa kuanzia begani mpaka vidoleni, taratibu, huku analia.

Mzee Naftali, mbishi wa chuo kizima, machozi yakamtoka mbele ya wanafunzi. Akaweka kikombe chini. Akaingia karakana, na punde tukasikia nyundo.

Bati lilirudi mahali pake.

Nilitakiwa nifurahi. Wapi! Nilijiona mchawi. Tumemtia presha mama wa watu kwa mzaha wetu! Jioni nikanunua sukari, nikaenda kwao kuomba radhi. Mzee alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya.

Nabisha hodi, nasikia vicheko. Naingia, namkuta Mama Zefania anakula kuku na nani? Redempta!

"Karibu mwanangu," akasema mama. "Sukari ya rambirambi hiyo?"

"Mama, shikamoo. Kwani... ulijua?"

"Marahaba. Ovaroli ulidhani Redempta kalitoa wapi? Msiba nimeuitisha mimi."

Akaacha kula. Cheko likamtoka usoni.

"Mimi ndiye ninayemfulia. Kila mara naona mkono wa kulia umechanika palepale, nashona. Nikimuuliza, anasema msumari. Msumari gani unamfuata mtu mmoja? Leo nililia kweli, Jesca. Nilipolala kwenye ule mkeka niliuona msiba wenyewe."

"Sasa mama, mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia wapi? Sanduku lako liko ndani, la wafanyakazi. Mimi ni mke tu."

Nilikaa, nikala kuku, lakini neno lile lilinikaa kooni kuliko mfupa.

Kesho yake sanduku nikalihamishia getini. Nikaandika kwa herufi kubwa: HATA KAMA HUFANYI KAZI HAPA.

Wee! Lilijaa. Mama mmoja kaandika mwanawe fundi umeme anarudi na vidole vimeungua. Mwingine kaandika mumewe anakohoa rangi. Yote tuliyafuatilia, na mpaka leo hakuna aliyeitwa mnoko, kwa sababu nani atamwita hivyo mama yake?

Redempta naye alilipiziwa. Mzee alilala chali jikoni kwake, akijifanya ni Redempta aliyeteleza kwenye mafuta yaliyomwagika sakafuni, akafa. Yakafutwa siku ileile.

Mzee Naftali mpaka leo hajui nani aliitisha msiba wake. Hana simu janja ya kusomea haya, kwa hiyo msimwambie.

Na wewe unayesoma, unapenda kusema kazini kwako hakuna ajali. Sawa. Nenda kamuulize anayekufulia nguo za kazi.