Jina la Kaka Yangu Msikitini

Shemeji, mke wa marehemu kaka yangu, alinipigia simu nikiwa kibandani kwangu Mtwapa, nikigongomea mbao za kochi la mteja. Kazi ya makochi ndiyo niliyoishika tangu nilipoacha shule darasa la saba. Alinisalimu vizuri kuliko kawaida yake, akaniuliza mgongo wangu unaendeleaje, kisha akasema binti anaolewa.

"Usikose, shemeji. Tafadhali. Wewe ndiye wa upande wa babake."

Nilipokata simu nilikaa juu ya kochi lile ambalo halijavikwa kitambaa, nikalia kidogo. Sioni haya kulisema.

Yule binti ni mtoto pekee wa kaka yangu. Babake alipofariki yeye alikuwa hajaanza shule bado. Dini yetu haimwachi msichana ajioze mwenyewe. Lazima awe na walii, mwanamume wa damu ya babake, atakayekaa mbele ya sheikh amtoe. Baba hayupo, basi ni babu. Babu hayupo, basi ni kaka. Kaka hana, basi ni ami, ndugu wa babake. Babu yake, yaani baba yetu, alikufa zamani. Kaka hana. Ami ni mimi, na hakuna mwingine.

Miaka yote hiyo nimekuwa nikiiwaza siku ile nikiwa na misumari mdomoni. Nitaushika mkono wa kijana anayemuoa, na nitalitaja jina la kaka yangu kwa sauti mbele ya watu wa Mambrui, mji uliotuzaa. Baada ya mazishi sikulisikia tena jina lake kwenye mkusanyiko wa watu. Nilitaka nilisikie mara moja, tena litoke kinywani mwangu. Chakula, picha na gari lililopambwa ningewaachia wenyewe.

Nilisafiri siku ya harusi alfajiri. Kwenye mkoba nilitia kanzu na kofia moja ya mkono ambayo kaka alinishonea. Alikuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi Gongoni, akienda kwa baiskeli na kurudi, na jioni akishona kofia barazani. Chumvi ilimpasua vidole, na damu ilikuwa ikiingia kwenye uzi. Ukiitazama kofia yangu kwa karibu utaona vitone vya rangi ya kutu karibu na ukingo. Nimeifua mara nyingi na havitoki. Mwishowe nilifurahi kwamba havitoki.

Tulipovuka daraja la Sabaki maji yalikuwa mekundu, mvua imenyesha bara. Kijana wa bodaboda aliyenichukua Malindi aliniuliza naenda kwa nani Mambrui. Nikamwambia naenda kumwoza binti yangu. Akasema, "Hongera, mzee." Nikaipokea hongera yake yote.

Harusi ilikuwa nyumbani kwa kina shemeji. Nilipita uani kwanza, kwa kuwa nilijua shangazi yangu ndiye atakayekuwa kwenye masufuria. Huyo ni dada wa baba yetu, mkongwe sasa, na hapikiwi pilau na mtu maadamu yu hai.

"Nani huyo? Sogea nikuone, moshi umenila macho."

"Ni mimi, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Ala! Mtwapa hawakupi chakula? Umekuwa kama mwenzio huyu." Akaunyanyua mwiko, wanawake wakacheka. "Umeshaonana na wenye harusi?"

"Wenye harusi si sisi, shangazi?"

Akakoroga kwanza. "Sisi tuna masufuria. Wewe una neno lako moja tu, nao watakuja kukuomba hilo hilo. Usilitoe bure. Waambie wakupe na paja la mbuzi."

Wanawake wakacheka tena, nami nikacheka nao kwa kuwa sikuelewa.

Nilielewa baada ya adhuhuri. Waliniita chumba cha mbele. Alikuwapo shemeji, mumewe wa sasa, na sheikh atakayesimamia ndoa. Huyu mume wa shemeji ana duka la mabati na saruji Malindi. Ni mtu mpole, mnene kidogo, na nilipofika yeye ndiye aliyenipokea mkoba. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia na sikupata pa kuanzia.

Shemeji alizungusha maneno, akaniuliza kama nimekula, akamsifu bwana harusi. Kisha akasema:

"Shemeji, tuna ombi. Mtoto angependa babake ndiye amwoze."

"Babake amekufa," nikasema.

Mume wake akawa anatazama zulia.

Sheikh akakohoa. "Tufahamiane. Huyu bwana si walii, kwa sheria hawezi. Walii ni wewe. Lakini ukimwambia mbele ya mashahidi kuwa umemwakilisha, yaani umemfanya wakala wako, atakaa mahali pako, ataoza, na ndoa itaswihi. Bila neno lako hana njia."

Hapo ndipo nilipojua kwa nini niliulizwa habari za mgongo.

"Na mimi nitakaa wapi?"

"Mbele hapo hapo, shemeji, safu ya kwanza," akasema shemeji haraka. "Tena tumekuwekea kofia. Wazee wote wa upande wetu wanavaa za rangi moja, ipendeze kwenye video." Akanyoosha mkono akanipa kofia mpya, ngumu, ya mashine, bado ina karatasi ndani. "Hiyo yako ina madoa."

Mume wake akainua uso. "Ndugu yangu, kama unaona uzito, basi. Mimi sikuliomba jambo hili."

Na ilikuwa kweli. Hakuliomba. Yeye ndiye aliyempeleka binti shule na kumrudisha, na alipolazwa na malaria yeye ndiye aliyelala kwenye benchi la hospitali. Haya yote nayajua. Nilikuwa nikiyasikia kwa simu na nikishukuru. Lakini pale chumbani sikuwa na shukrani hata chembe, na nitasema uongo nikisema ninayo sasa.

"Nitamuuliza mwenyewe," nikasema.

Hawakuweza kunizuia, kwa sababu hiyo ni kazi ya walii. Kabla ya ndoa kusomwa, huenda na mashahidi wawili kumuuliza bibi harusi kama ameridhia. Nikaenda.

Chumba kilikuwa kimejaa wanawake na harufu ya udi na asumini. Alikaa kitandani, hina mpaka viwikoni, uso umepambwa hata nikamtafuta. Kisha nikauona mdomo. Ni mdomo wa kaka yangu, ule wa chini uliojikunja kidogo upande wa kushoto, kama wa mtu anayetaka kucheka ila anajizuia.

"Ami," akasema, akataka kuinuka.

"Kaa, mwanangu." Nikamtajia jina la kijana, nikamtajia mahari waliyoagana. "Umeridhia?"

Akainamisha kichwa.

"Amenyamaza, ameridhia!" akasema somo wake, mwanamke aliyekuwa akimpamba. "Haya ami, tokeni, tuna kazi."

Mashahidi wakageuka kutoka. Mimi nikabaki nimesimama.

"Mamako anasema unataka mumewe ndiye asimame."

"Ndiyo, ami. Naomba asimame baba."

"Baba yupi?"

Nililisema kwa upole, lakini lilikuwa kisu na nilijua. Alinitazama. Machozi yakamjaa, yakashuka na wanja, yakachora mistari miwili mpaka kidevuni.

"Haya! Umefurahi sasa?" Somo akatupa kitambaa. "Wanja wa tangu asubuhi! Mwanamume huyu amekuja harusini au matangani?"

"Mtoeni! Mtoeni huyu!" mwingine akasema.

Lakini binti akanyoosha mkono wake wa hina akanizuia bila kunigusa, hina isije ikaharibika.

"Ami, sura yake siikumbuki," akasema polepole. "Najaribu. Nikifumba macho naona ile picha ya ukutani, simwoni mwenyewe. Nikiita baba, anayekuja ni huyu. Nifanyeje?"

Nikamwambia asilie, nitamwakilisha huyo anayemwita baba. Nikatoka, na nyuma yangu nikasikia somo akisema, "Lete maji ya waridi, na mlango huo ufungwe."

Alasiri tukaswali, kisha tukabaki kwa ajili ya ndoa. Msikiti ulijaa mpaka viatu vikaziba ngazi. Kofia mpya ilikuwa kichwani, inanibana. Ya kaka ilikuwa mfukoni mwa kanzu. Sheikh alikuwa na kipaza sauti, na spika zilikuwa zimefunguliwa ili wanawake kule nyumbani wasikie. Kijana wa video alichuchumaa mbele yetu.

Sheikh akasoma hutuba. Kisha akaniita. Nikamshika mkono mume wa shemeji, nikasema mbele ya mashahidi kuwa nimemwakilisha amwoze binti wa kaka yangu. Neno langu likaisha hapo. Nikaurudisha mkono wangu, naye akanyoosha wake kwa bwana harusi, wakashikana, na sheikh akawafunika kwa kitambaa cheupe. Hapo ndipo mahali nilipopatazamia miaka yote hiyo. Nilikuwa nimekaa karibu nacho kiasi cha kuweza kukigusa kitambaa.

"Sema," sheikh akamwambia. "Nimekuoza."

"Nimekuoza," akasema. Kisha hakungoja kuambiwa. "Nimekuoza binti yangu..."

"La." Sheikh akamkata, si kwa ukali. "Hapa mtu huitwa kwa babake. Taja jina lake, na jina la babake mzazi, na la babu yake. Kisha useme kwa uwakala wa walii wake, ami yake. Anza upya."

Akaanza upya. "Nimekuoza..." Akataja jina la binti. "...binti..."

Akanyamaza.

Mwanzo nilidhani amelemewa na kilio. Kisha nikaiona shingo yake ikilowa jasho, na macho yake yakinitafuta, nikajua. Hajui. Ameishi na mkewe na mtoto wetu miaka yote, na jina la yule aliyelala pale kabla yake hakulijua. Kwake alikuwa "marehemu" tu. Shemeji alimwita marehemu, majirani walimwita marehemu, na mtoto akazoea hivyo. Hata shuleni aliandikishwa kwa jina la huyu bwana. Karatasi za ndoa zilikuwa hazijaandikwa bado, na sheikh, aliyekuwa mgeni pale, alimwachia yeye.

Watu wakaanza kusogeasogea. Nyuma mzee mmoja akanong'ona, "Vipi tena?"

Mume wa shemeji aliniinamia, lakini kipaza sauti kilikuwa mdomoni mwake, na Mambrui nzima ikasikia.

"Ndugu yangu, samahani. Babake akiitwa nani?"

Nilimwacha. Nilitaka akae ndani ya kimya kile kidogo, akijue. Bwana harusi alikuwa bado ameshikwa mkono, anatazama kitambaa. Niliingiza mkono mfukoni, nikaishika kofia.

Kisha nikainama kwenye kipaza sauti nikalitaja. Jina la kaka yangu, la baba yetu, na la babu yetu. Sikupaza sauti, na spika zikayachukua mpaka huko zinakofika. Katika maandishi haya sikuandika jina la mtu yeyote, na lake pia siliandiki. Waliokuwapo walilisikia.

Mume wa shemeji akalirudia nyuma yangu kama mtoto wa chuoni anayefundishwa sura. Akakosea la babu, nikamsahihisha, akarudia tena. Kijana akasema nimekubali. Mbali, kule nyumbani, vigelegele vikapanda.

Watu walipotoka walimpa yeye mkono. Wachache walinipa na mimi. Yeye mwenyewe alinijia kwenye viatu, akasema, "Nisamehe, ndugu yangu. Wallahi sikuwahi kuambiwa." Nikamwambia hakuna neno. Kwa upande wake, kweli hakuna neno. Niliyemtazama vibaya jioni ile ni shemeji, naye hakunitazama kabisa.

Nilirudi uani. Shangazi alikuwa akikwangua ukoko, amenipa mgongo.

"Nimelisikia jina la mwanangu," akasema bila kugeuka. "Wanawake hawa wameniachia mimi. Mpaka leo nilidhani nimebaki peke yangu ninayemtaja." Akajifuta uso kwa ncha ya leso. "Moshi huu. Kaa ule. Paja walikupa?"

"Hawakunipa."

"Nilikwambia."

Nilikula, nikavua kofia mpya nikaiacha juu ya kuni, nikaondoka kabla ya taarabu kuanza.

Wiki chache baadaye binti alinitumia video kwenye simu. Aliandika, "Ahsante ami kwa kila kitu." Niliweka nyundo chini, nikakaa nikaitazama yote. Nilijiona safu ya kwanza, nimeduwaa, kofia imenikaa upande. Niliona mikono ikishikana, kitambaa kikiifunika. Halafu kukaingia kasida, na maua yakazunguka kwenye kioo, na maua yalipokwisha kijana alikuwa tayari anasema nimekubali.

Nilirudisha nyuma, nikaangalia tena, nikidhani simu imeruka. Haikuruka. Walikata. Nadhani walimwonea haya yule bwana kwa kutojua kwake, na pengine ilikuwa huruma tu.

Mteja alikuwa amesimama mlangoni ananingojea. Nilimjibu binti, "Mashaallah, imependeza," kwa sababu ni mtoto wa kaka yangu na sikuwa na jingine la kumwandikia. Kisha nikatia misumari mdomoni.