Nyota za Kalekye na vitambaa za ntheo ya dada yangu

Wakuu, hamjambo humu ndani. Hii sijatunga. Ilinipata mimi mwenyewe hapa Machakos, na dada yangu Mwende akiisoma atanisuta nikiongeza chumvi.

Ilikuwa miaka ya tisini ikielekea mwisho. Upande wa kijana wa Mwende walikuwa wanaleta mbuzi za ntheo, zile za kufunga uchumba, Jumamosi, na wenye mmelelewa Ukambani mnajua wakwe hawapokelewi na viti uchi. Lazima kuwe na vitambaa nyeupe, za crochet, za kushonwa na mkono.

Mimi na mdomo wangu nikasema nitashona zote saba. Mwaitu, mama yetu, akafurahi mpaka akatangazia majirani.

Ukweli ni kwamba nilikuwa najua mishono miwili tu, cheni na treble, basi.

Pattern, yale maelezo ya kushona, nilitoa kwa rafiki yangu Kalekye, muuza mitumba wa Tala. Alikuwa ameiandika kwa daftari, kwa Kiingereza. Nikainakili mbio mbio nikamrudishia.

Sasa, katikati ya kila mstari alikuwa ameweka kanyota kadogo. Si mnakumbuka vile wasichana tulikuwa tunapamba vitabu za nyimbo na nyota na maua? Nikaona ni urembo wa Kalekye, nikaziacha bila kunakili.

Nyumbani nikaanza. Cheni tatu za kupandia mstari, treble mbili, ruka moja, halafu "repeat from", yaani rudia kutoka. Kutoka wapi? Nikajiambia ni kutoka mwanzo, wapi tena. Kwa hivyo kila nikirudia, nilirudia pamoja na zile cheni tatu.

Kitambaa ikaanza kujikunja kama majani ya sukuma wiki. Nikaivuta, nikaipiga pasi, wapi! Ilikuwa Jumatano na sikuwa na hata moja ya kuonyesha watu. Nililia wakuu, sitaficha.

Nikaenda Tala. Kalekye akasoma karatasi yangu, akauliza nyota ziko wapi.

"Nyota gani?"

"Hiyo nyota ndio inakuonyesha mahali pa kurudi, wewe!"

Alicheka mpaka akakalia nguo za wateja. Lakini ni rafiki wa kweli huyo. Alifunga biashara akakuja kwetu na sindano yake, na kufika Ijumaa jioni tulikuwa na vitambaa sita.

Kiti ya saba ikabaki. Mwaitu akachukua ile sukuma yangu akaitandika hapo, akisema afadhali hiyo kuliko mbao.

Jumamosi ikafika, wageni wakaingia, na mama ya kijana akaenda moja kwa moja kukalia hiyo hiyo. Nilikuwa jikoni, nikasikia ameuliza nani alishona. Nikaitwa. Nikasimama mbele yake nikiangalia sakafu.

"Hii yenye imejaa maua ni wewe?"

Nikasema ni mimi.

"Niandikie pattern. Sijawahi ona kama hii."

Mwaitu akakohoa. Mimi nikachukua kalamu nikamwandikia yote, bila nyota hata moja.

Mwende ananiambia mpaka leo huko kwa mama mkwe, Kangundo, viti zote zimevaa sukuma, na majirani wameiga.

Nilichojifunza: ukinakili kitu hujaelewa, nakili yote, hata yenye unaona ni urembo tu.

Haya, na nyinyi wenye mlijifunzia crochet kwa karatasi, ni alama gani iliwachezesha? Semeni hapa chini. Na kama unamjua huyo mama wa Kangundo, tafadhali nyamaza.