Kioo cha Bibi na Kopo la Kijani

Mpaka leo nikiona kopo la rangi ya kijani napandwa na hasira. Na mimi ni mtu wa kucheka hata msibani.

Nyumbani kwetu Mingoyo Bibi alikuwa na kioo. Sio hivi vya kunyolea ndevu. Kirefu kama mlango, fremu imechongwa majani yanayojikunja, imepakwa dhahabu, na juu kabisa vitoto viwili vyenye mabawa, vinono, uchi wa mnyama. Kwenye kioo chenyewe, pembeni kote, kumechorwa maua mekundu na ndege wa bluu. Babu alikinunua Lindi mjini kwa Mhindi aliyekuwa anahama, akamletea siku ya harusi yao.

Baadaye Bibi akapata mtoto wa jicho, akawa anaona ukungu tu. Kila asubuhi anaipapasa fremu, jani kwa jani. Tulivyompeleka Lindi kufanyiwa upasuaji, njiani kanishika mkono: "Nikifunguliwa bandeji, nyumbani kitu cha kwanza nataka nione ndege wangu."

Mimi nikakaa naye hospitali. Nyumbani akabaki mjomba. Ndo kosa letu hilo.

Mjomba ni mtu wa kupendezesha vitu. Rangi ikibaki mahali, hatulii. Safari hii ilibaki ya madirisha ya madrasa.

Tumerudi, Bibi kashafunguliwa bandeji na anaona, nikaingia wa kwanza. Harufu ikanipokea mlangoni. Fremu yote kijani! Vile vitoto vimekuwa vyura. Na maua? Kayakwangua kwa wembe, ua kwa ua, ndege kwa ndege, kioo cheupe pee.

"Unaonaje?" mjomba anachekelea. "Yale makorokoro yalikuwa yanamzibia uso. Sasa mama atajiona mzima."

"Mjomba, una akili kweli wewe?"

"We mtoto! Unajua nimekuzidi miaka mingapi?"

"Mingi, na yote umeila bure."

Akanyanyua mkono. Bibi asingeingia muda ule ningepigwa, na ningerudisha, Mungu anisamehe.

Bibi kasimama mbele ya kioo. Kaangalia weee. Kagusa pale ndege alipokuwa. Hakulia. Kaniambia tu, "Lete kanga."

Kwetu nyumba ikifiwa, kioo kinafunikwa. Bibi akakifunika chote, akakaa mkekani, akajitanda.

Jirani kaja kumpa pole ya hospitali, kaona kanga, kashika kifua. "Jamani! Nani kafa?"

"Muulize huyo," Bibi kamnyooshea mwanawe kidole.

Wakaja watu mpaka jioni. Kila anayeingia, "Nani kafa?" Na mjomba, kucha zake bado za kijani, anaanza upya kueleza: wembe, ndege, rangi. Mimi nimekaa mlangoni nawakaribisha, mmoja mmoja, asipite mtu bila kuuliza.

Mpaka sauti ikamkauka. Akaniomba maji.

Nikamwambia mtungi uko pale, ajichotee.